Mkondo wa amali sekondari: michepuo ilishakufa mara moja, safari hii rodi za kuchomelea atanunua nani?

#1 Engo_Inchi_Mbili
Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa vyama.

Sera mpya ya elimu (ile ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025) imeleta mikondo miwili sekondari, jumla na amali. Anayeingia amali anasoma masomo machache ya kawaida halafu anashika fani, kuchomelea, umeme, magari, ushonaji, kilimo, upishi na nyinginezo, mwisho wa kidato cha nne anatoka na cheti cha NECTA (baraza la mitihani) pamoja na cheti cha ufundi. Naiunga mkono kabisa, nisieleweke vibaya.

Ila mimi naona itakufa kama michepuo (zile sekondari za zamani za mwelekeo wa kilimo, biashara au ufundi) ilivyokufa, na kitakachoiua ni matumizi ya kila siku. Kila mtu anaongelea majengo na mashine. Mashine inanunuliwa mara moja, mgeni rasmi anakata utepe, picha zinapigwa. Rodi zinaisha. Diski za grenda zinaisha. Fleti baa ikishakatwa vibaya imekatwa. Nina karakana ndogo na huwa napokea vijana wa field, kijana ambaye hajawahi kushika mashine rodi zinamnasia kwenye chuma siku nzima, anatupa, anachukua nyingine, na huwezi kumgombeza kwa sababu ndio anajifunza. Sasa weka darasa la watoto 40, wawashe mashine hata mara mbili tu kwa wiki. Rodi kiasi gani hapo? Umeme wa Luku kiasi gani? Ruzuku ya elimu bila ada imekuja tangu 2016 na hesabu yake ni ya chaki, karatasi na mitihani, haikupigwa kwa ajili ya chuma.

Waliosoma shule za ufundi na za michepuo mtusaidie: zile zilikufa kwa nini hasa?

#2 kahawa_chungu
Nimekaa siti ya mbele. Uzi muhimu huu.

#3 Mzee_FTC
Asante mleta mada. Nimepita shule ya ufundi miaka ya themanini mwanzoni, nina la kusema.

Shule za ufundi za serikali zilikuwa saba: Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru na Musoma. Na kule hukuwa unapelekwa kwa kushindwa, walikuwa wanachukua watoto wenye hesabu nzuri. Kidato cha kwanza mnazungushwa fani zote, uashi, useremala, umeme, mitambo, ndio baadaye unagawiwa yako. Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kipande cha chuma na tupa. Unapiga tupa mpaka pande zote zinyooke, ukipeleka kwa mwalimu anaweka skweya juu yake anakiinua dirishani, mwanga ukipenya kati ya skweya na chuma anakurudishia bila neno. Nimepiga tupa muhula karibu mzima na chuma kile kile. Kwa hiyo hoja yako ya rodi naipokea nusu, si kila ujuzi unakula mali kila siku, mwanzo wa ufundi ni jicho na mkono na hivyo haviuzwi dukani.

Kilichotuua sisi ni kukatwa kwa ngazi. Ukimaliza shule ya ufundi ulikuwa unajua unaenda vyuo vya ufundi, Dar Tech au Arusha au Mbeya, unachukua FTC (cheti cha fundi sanifu), na ukimaliza FTC reli inakusubiri, TANESCO inakusubiri, viwanda vya nguo vinakusubiri. Miaka ya tisini mashirika yakauzwa na mengine yakafa, Dar Tech ikawa DIT mwaka 1997, Mbeya Tech ikapanda mpaka ikawa chuo kikuu cha MUST 2012, kila mzazi akataka digrii. Wahandisi wenyewe husema mhandisi mmoja afanye kazi na mafundi sanifu watano na mafundi stadi 25. Sisi leo tumeigeuza kichwa chini miguu juu.

#4 Chozi_la_Kata
Mnazunguka sana. Waziri Mungai ndiye aliyefuta shule za ufundi na michepuo 2005, kila mtu anajua, akaunganisha mpaka fizikia na kemia.

#5 Faili_la_Zamani
#4 hapo umechanganya mambo. Kuunganisha fizikia na kemia ni kweli, ilikuwa wakati wa marehemu Mungai, na alipoingia Mama Sitta wizarani somo likarudishwa mawili. Lakini zile shule saba alizotaja #3 hazijafutwa, zipo mpaka leo, na nyingine zilikarabatiwa kwenye ule mpango wa shule kongwe wa awamu ya tano. Kilichotokea ni kwamba masomo ya ufundi yalisinyaa ndani yake, mashine zikazeeka, walimu wakastaafu bila warithi.

Na michepuo ni kitu kingine. Miaka ya sabini sekondari zilipewa mwelekeo, hii kilimo, hii biashara, hii ufundi, hii sayansi kimu. Waliosoma Shycom pale Shinyanga wanajua biashara ilivyokuwa inafundishwa. Sekondari zilikuwa chache kipindi kile, ndio maana iliwezekana. Kisha 2004 ukaja MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kila kata ikajenga sekondari, na hapo nguvu yote ikaenda kwenye kupata madarasa na madawati. Hakuna aliyekaa akasema tuiue michepuo, ilizidiwa tu na wingi.

#6 Chozi_la_Kata
#5 sawa, ila bado serikali ndio iliyoamua wingi uje kabla ya walimu. Mimi nimesoma hizo za kata, nilipata mwalimu wa hesabu nikiwa kidato cha tatu. Matokeo ya 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata ziro, nchi nzima ilishtuka, au mmesahau? Kabla hatujaongelea karakana tujiulize kama somo la kawaida tu tuliliweza.

#7 Mwl_Zamu
Nafundisha sekondari, niongee ya ndani.

Tatizo ni mwalimu wa amali anatoka wapi. Mwenye digrii ya ualimu hajui kuchomelea, na fundi anayejua kuchomelea hana cheti cha ualimu, utumishi hawawezi kumwajiri. Hapo katikati ndio tumekwama. Ukileta mtu wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) aliyezoea kufundisha watu wazima ishirini, anakuta watoto wa miaka 14 wako hamsini, wengine hawajawahi hata kushika bisibisi.

Na kuna kitu nakiogopa kuliko rodi za mleta mada. Wakongwe mnaikumbuka ile praktiko ya sayansi ya kwenye karatasi? Shule haina maabara, mwanafunzi anaandika tu rangi ingebadilika kuwa nini kama angemwaga kitu fulani. Watoto walikariri na walifaulu. Mtihani wa amali ukija kupimwa kwa mtindo ule, tutakuwa na vijana wenye cheti cha umeme ambao hawajawahi kufunga soketi. Mtihani unavyokuja ndivyo shule inavyofundisha, hiyo mimi nimeiona miaka yote.

#8 Mama_Wawili_Mbezi
Mwalimu asante. Niseme upande wa wazazi maana huwa tunalaumiwa.

Ni kweli hatutaki. Lakini mtuelewe kwa nini hatutaki. Mdogo wangu ni fundi mzuri sana wa samani pale Keko, kazi yake inapelekwa mpaka masaki huko kwenye nyumba za watu, na bado akienda benki kuomba mkopo anaambiwa alete salary slip. Mwenye cheti cha ofisini anayelipwa nusu ya anachopata yeye, anapewa. Akiumwa hana bima. Akifika miaka sitini hana pensheni. Sasa mimi mzazi nikimwambia mwanangu asome wapi anione nina roho mbaya? Rekebisheni maisha ya fundi, wazazi tutakuja wenyewe na watoto wetu bila kuitwa kikao.

#9 Engo_Inchi_Mbili
#8 dada umesema ukweli mtupu. Mimi mwenyewe mkopo nimezungushwa mpaka nikaacha.

#10 Pwani_Mombasa
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zangu wa Bongo haya mnayoyapitia sisi tumeyapitia, tena tumeyapitia kwa uchungu.

Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane msingi, minne sekondari, minne chuo) ulipoanza 1985 ulikuja na maneno hayo hayo ya kujitegemea. Watoto wa msingi walifunzwa useremala, uashi, ushonaji, kilimo, upishi. Wazazi tukaambiwa tuchange tujenge workshop. Tukachanga. Shule nyingi jengo likaisha, vifaa visije, likageuka stoo ya viti vilivyovunjika. Yale masomo yakawa ni kukariri majina ya misumeno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakayapunguza, KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ikabaki na karatasi tano basi. Hata hiyo KCPE yenyewe ya mwisho ilifanywa 2023.

Sasa tuna CBC, mtaala wa umilisi, ilianza 2017, na Januari 2026 ndio watoto wa kwanza wameingia Grade 10, wamegawanywa njia tatu: sayansi na ufundi, sanaa na michezo, sayansi za jamii. Kasheshe yake ni kwamba njia unayoitaka haipo kila shule. Mtoto wa mjini anachagua, wa kijijini anachaguliwa. Liangalieni hilo kwenye hiyo amali yenu kabla hamjafika mbali.

#11 Dogo_Grenda
Kumbe hata jirani aliyekuwa anatucheka kiingereza chetu naye alichanga workshop ikawa stoo 😄 karibu sana kaka, tuko jahazi moja.

#12 Pwani_Mombasa
#11 haha kiingereza hakichomelei chuma ndugu yangu.

#13 Ughaibuni_Kassel
Niko Ujerumani, nafanya mafunzo ya uuguzi. Mnaowasifia Wajerumani kwa ufundi wengi mnakosea mahali pamoja, mnadhani siri yao ni shule. Siri yao ni mwajiri. Kijana akimaliza shule anatafuta kampuni au karakana, anasaini nayo mkataba wa kama miaka mitatu hivi, wiki inagawanyika siku kadhaa kazini na siku kadhaa shuleni, wakati mwingine ni wiki nzima huku na nyingine kule, na kampuni inamlipa posho kila mwezi. Mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba ya wafanyabiashara au ya mafundi wenyewe. Serikali haihangaiki na swali la rodi, rodi ni za kampuni na ziko kwenye kazi ya mteja.

Kwa hiyo kujibu #1, swali la nani atanunua linajijibu kama mtoto hakai shuleni siku zote tano.

#14 Kiwanda_Kiko_Wapi
#13 mkuu kwa heshima zote, hizo kampuni huku zipo ngapi? Toka Kariakoo mpaka Gongo la Mboto hesabu kiwanda chenye uwezo wa kusaini mkataba wa miaka mitatu na kijana wa miaka 16. Huku kwetu mwajiri mkubwa ni mtu mmoja na mashine yake chini ya mwembe. Tunawaandaa watoto kwa soko la ajira ambalo halipo. Tatizo ni uchumi, shule inasingiziwa. Hata ukiwafundisha vizuri kama Ifunda ya #3, utajaza mtaa mafundi grili elfu moja wanaogombea nyumba ishirini, bei itaanguka na wote watakuwa maskini wenye vyeti viwili.

#15 Bomba_la_Tanga
#14 sikubaliani nawe, kazi zipo ila ni za viwango na hatuna watu wa viwango hivyo. Chukua bomba la mafuta ghafi la Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 ziko upande wetu. Mchomeleaji wa bomba hakuna anayemuuliza divisheni. Anapewa jaribio la 6G: bomba limefungwa limeinama nyuzi 45, halizungushwi, unazunguka wewe, unachomelea ukiwa umeinama, umelala, umeangalia juu, halafu mshono wako unapigwa picha ya mionzi kuangalia kama ndani kuna tundu. Nimewaona mafundi wa mtaani wenye mikono ya ajabu wakianguka hapo, siyo kwa kukosa akili, ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia mshono una ndani yake.

Shule ya amali ikimfundisha mtoto mshono una ndani, atakula popote, hata nje ya nchi.

#16 Dogo_Grenda
#15 nimependa hiyo. Fundi wangu alikuwa ananiambia usitazame tu, sikiliza, rodi ikienda vizuri inalia kama samaki anakaangwa, ikianza kupasuka pasuka ujue umeiweka mbali au ampia siyo zenyewe. Alikuwa hajui kusoma vizuri lakini alikuwa anarekebisha mashine kwa sikio tu akiwa amenipa mgongo.

#17 Risiti_ya_Makato
Mnajadili hela kana kwamba haipo. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia wanne analipa juu ya mishahara. Jina lenyewe linasema ujuzi. Iende kununua rodi.

#18 Faili_la_Zamani
#17 nakurekebisha kidogo, wanne ilikuwa zamani, tangu 2021 ni wafanyakazi kumi na kuendelea. Na kiwango nacho kimekuwa kinashuka, miaka ya nyuma ilikuwa asilimia 6, ikaenda 5, 4.5, 4, mwaka 2023 ikawa 3.5. Na VETA kwa miaka mingi wamekuwa wanapata theluthi moja tu ya hiyo hela, kubwa linabaki Hazina na sehemu yake ndiyo imekuwa ikilisha mikopo ya vyuo vikuu. Yaani mshahara wa fundi unatozwa kwa jina la ufundi halafu pesa inaenda kumsomesha mwanafunzi wa sheria. Sisemi asisome, nasema tujue.

#19 Risiti_ya_Makato
#18 ndio hapo sasa napozungumzia mimi. Wenye viwanda kila mwaka wanalia tozo ishushwe, na hao hao wanalia hawapati mafundi.

#20 Shamba_Njombe
Wote mnaongea chuma. Fani ya kilimo je? Huku kwetu parachichi limebadilisha maisha ya watu, lakini nikimwambia mwanangu achukue amali ya kilimo ananiangalia kama nimemlaani. Na najua lilipoanzia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 nia ilikuwa njema kabisa, shule iwe na shamba, mtoto ajifunze kilimo akiwa na akili yake. Kilichokuja kutokea shuleni kwetu, na kwa wengi wa rika langu, ni kwamba shamba likawa adhabu. Umechelewa namba, nenda kalime. Umeongea kilugha, nenda kang'oe visiki. Hakuna aliyetuonyesha kupandikiza, kupima udongo, kuandika daftari la matumizi na mapato. Watoto walijifunza kitu kimoja tu, kwamba jembe ni la mkosaji.

Kwa hiyo mimi sababu yangu si rodi wala ngazi. Tulifundisha kazi kwa fimbo, basi. Mtoto mfundishe kubebesha mche wa parachichi, akirudi wiki zinazofuata akakuta kikonyo kimeshika na kinatoa jani, huyo hatakuja kukimbia kilimo.

#21 Kibatari_TEHAMA
#20 umeongea kitu kikubwa sana mzee wangu.

Niongeze la lugha, naona limerukwa. Karakana zote mlizotaja, Keko, Gerezani, Buguruni, zinaongea Kiswahili. Mtoto anajua tupa, randa, patasi, pima maji. Akiingia darasani anafundishwa kwa Kiingereza na mwalimu ambaye naye Kiingereza kinamsumbua. Sera ya 2014 ilishasema Kiswahili kitumike ngazi zote, utekelezaji ndio huo tunaouona. Fundi mwenye miaka thelathini kazini angeweza kuja kufundisha kesho asubuhi, kinachomzuia ni lugha na cheti.

#22 Bomba_la_Tanga
#21 upande wangu naona kinyume. Ramani za miradi ziko kwa Kiingereza, maelekezo ya usalama yako kwa Kiingereza, msimamizi Mturuki au Mchina naye anakuongelesha Kiingereza chake cha kuungaunga. Ukimnyima kijana lugha hiyo unamfungia mtaani.

#23 Kibatari_TEHAMA
Mfundishe Kiingereza kama somo, vizuri. Usimfundishie umeme kwa lugha ambayo haelewi, umeme unaua.

#24 mgeni_wa_jana
Samahani kwa kutoka nje ya mada, mleta mada mashine ya kuchomelea ya kuanzia mtaji mdogo unashauri ipi? Hizi ndogo za inveta zinafaa?

#25 Engo_Inchi_Mbili
#24 inveta inafaa kwa kuanzia, nyepesi na haili umeme sana, ila usidanganywe na namba ya ampia iliyoandikwa juu, nyingi hazifiki. Jaribu na rodi nene hapo hapo dukani kabla hujatoa hela. Njoo PM tusijaze uzi.

#26 Spana_Kumi_na_Saba
Mimi ni msichana, fundi umeme wa magari. Nimesoma posts zote na hakuna aliyemtaja mtoto wa kike zaidi ya ushonaji na upishi.

Nilijifunza gereji, sikupita chuo, baadaye nikaenda kupimwa kwenye ule utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, nikapata cheti. Ilinisaidia mno, leo naingia kampuni naomba kazi na karatasi mkononi. Ila mwanzoni pale gereji hapakuwa na choo cha kufunga mlango. Hapakuwa na pa kubadilishia ovaroli. Wenzangu wawili tulioanza pamoja waliacha, na sababu zilikuwa hizo pamoja na maneno ya mafundi wakubwa, siyo ugumu wa kazi. Wanaosema watoto wapelekwe karakana za mtaani kama Ujerumani (#13) wafikirie binti wa miaka 15 anapelekwa kwa nani, na nani anamfuatilia huko.

#27 Mama_Wawili_Mbezi
#26 mwanangu Mungu akubariki. Hili ndilo lingenitoa usingizi mimi.

#28 Baba_Darasa_la_Tano
Jamani nisaidieni. Wangu yuko darasa la tano, nasikia atamaliza msingi mwaka mmoja na darasa lililo mbele yake? Na amali ni lazima au anachagua?

#29 Mwl_Zamu
#28 ndiyo. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu 2024 wanaishia darasa la sita, na wale walio mbele yao wanaendelea na la saba la zamani, kwa hiyo makundi yote mawili yanamaliza 2027 na yanaingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, sita msingi na minne sekondari. Ndio maana mimi nasema mwaka huo hesabu ya karakana itazidi kuchafuka, shule zitakuwa zinatafuta tu pa kuwakalisha. Amali inategemea shule, haipo kila shule. Mkondo wa jumla nako wamewekewa Biashara kama somo la lazima.

Ukienda kukagua shule ya amali usiishie ofisini kwa mkuu. Omba kuingia karakana. Angalia sakafu, karakana inayofanya kazi ina unga wa mbao na madoa ya moto. Tazama diski za grenda kama zimelika. Ukikuta mashine ina nailoni yake ya kiwandani na vumbi juu, hiyo haijafundisha mtu. Uliza daftari la stoo lionyeshe vifaa vimetoka lini mara ya mwisho. Na mtoto akimaliza vyuo vingi vya ufundi vinapokea NVA level III (cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu) pamoja na cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo diploma hajafungiwa.

#30 Mzee_FTC
Mwalimu #29 maneno ya daftari la stoo ni ya dhahabu. Enzi zetu stoo kipa alikuwa anaogopwa kuliko headmaster, ukipoteza tupa hupati cheti cha kumalizia.

#31 Faili_la_Zamani
#30 mzee wangu heshima yako, lakini ngazi unayosema imekatwa si kweli yote. DIT wanatoa diploma hadi leo, Arusha Tech ipo, vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza 1975 vipo zaidi ya hamsini. Ngazi ipo, watu hawaipandi.

#32 Mzee_FTC
Hawaipandi kwa sababu juu yake hakuna kazi yenye heshima inayosubiri. Tunarudi kwa #8 na #14.

#33 Engo_Inchi_Mbili
Nimesoma yote, asanteni. Nilete pendekezo tuligombanie. Kila mwaka halmashauri zinanunua madawati, milango na madirisha ya shule. Kwa nini oda hiyo isipewe shule za amali? Hela ya chuma inatoka kwenye dawati lenyewe, mtoto anajifunza kwa kitu kitakachokaliwa na mdogo wake, akikosea anakata anarudia. Hapo rodi zimelipiwa.

#34 Mwl_Zamu
Wazo zuri ila manunuzi yote sasa yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mzabuni asajiliwe, awe na leseni na vielelezo vyote. Shule itajisajili kama nani? Halafu dawati lina tarehe ya kukabidhiwa, na mimi nina mtihani wa nusu muhula. Mkuu wa shule akibanwa atawatoa watoto darasani wakamalizie oda, nakuambia kitakachotokea.

#35 Fundi_Tegeta
#33 mimi nalipinga moja kwa moja. Hayo madawati ndio mkate wangu. Nina vijana sita nawalipa, nimewafundisha mwenyewe bila ruzuku ya mtu, na pesa ya halmashauri ndiyo inayotuvusha miezi ya Januari na Februari watu binafsi wakiwa wameishiwa. Ukimpa shule, ambayo haina kodi ya fremu wala mishahara, mimi bei nitaipatia wapi? Mtakuwa mmetengeneza mafundi wapya kwa kuwaua waliopo.

#36 Ughaibuni_Kassel
#35 basi oda ibaki kwako fundi, watoto ndio waje kwako siku mbili za wiki, na kwenye bei ya kila dawati kuwe na sehemu yako ya kufundisha imeandikwa kabisa kwenye mkataba.

#37 Fundi_Tegeta
#36 hiyo naweza kuisaini hata kesho. Lakini nijibiwe kitu kimoja na mtu anayejua sheria: grenda ikimkata kidole mtoto wa watu karakana kwangu, anayelipa hospitali ni mimi, shule au halmashauri? Maana bima sina, na #26 ameshasema hata choo chenye mlango wengine hatuna.

#38 Spana_Kumi_na_Saba
Choo anza nacho wewe mwenyewe fundi, hicho hakingoji halmashauri. La bima nami nasubiri jibu.